Tulimpita Mjomba Mtama

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Naomba barua hii ikukute limetulia, na mvua za huko Tukuyu zimekupa japo siku moja ya kuanika nguo. Mie huku Madale mzima, ni joto tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua, ungekata kabla sijafika katikati. Barua utaimaliza, hata kwa hasira.

Tulikwenda kusini, mie na baba mdogo, kwa gari lake la Noah, kupeleka posa kwao Skola. Najua ulisema huko ndiko mwisho wa dunia. Mama, njia ile ni nzuri mno. Ukishaiacha Mbagala inaanza mikorosho, mpaka Rufiji. Pale darajani baba mdogo alipunguza mwendo mwenyewe, maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, mpunga kila upande. Somanga tukala samaki. Kufika Lindi, bahari ikatokea chini yetu, buluu tupu, na baba mdogo, unavyomjua kwa kusifia kwao tu, akasema, "Kumbe huku nako Mungu alipita."

Kisha tukaiacha pwani, tukaingia bonde la Lukuledi, milima ya Umakonde imesimama upande wa kushoto njia nzima. Mtama tukashuka kununua machungwa na kunyoosha miguu, halafu moja kwa moja mpaka Ndanda.

Tulipokelewa kwa wali na kuku. Baba mdogo akaongea kama tunavyoongea kwetu, kwa unyenyekevu, akimwelekea baba yake Skola. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mmesema vizuri," akasema. "Ila mie ni baba tu."

Baba mdogo akanitazama.

"Mtoto huyu ni wa wajomba zake. Mkubwa wao yuko Mtama. Bila yeye, hapa leo tumekula chakula tu."

Skola alishanieleza, tena zaidi ya mara moja. Mie nikadhani ni heshima tu, ya kupita kusalimia wakati wa kurudi. Kwetu baba akikubali, mambo yamekwisha. Niliona aibu, mama, hata kuku akanishinda.

Asubuhi tukarudi Mtama. Mjomba mtu amekaa barazani, ng'ambo ya barabara kutoka pale tuliponunua machungwa.

"Niliwaona jana," akasema hata kabla hatujakaa. "Mlinunua machungwa kwa mke wangu. Huyu mkubwa akambembeleza bei, kisha akadai na nyongeza."

Baba mdogo akakohoa. Yule mzee akacheka, tukacheka wote, nikajua si mtu mbaya. Kisha akaniuliza, "Huyu ni nani yako?"

"Baba mdogo."

"Mjomba wako yuko wapi?"

Nikasema yuko Tukuyu.

"Sikukatalii," akasema. "Ila mtoto wa dada yangu akipata shida huko kwenu, mie nitaongea na nani? Njoo na mjomba wako."

Nikamjibu nitakuja naye baada ya Pasaka. Tuliporudi garini baba mdogo akasema, "Umeahidi kitu kilichoko mkononi mwa mama yako." Halafu akanishauri nimchukue jirani yake wa Bunju, mtu mzima, mwenye koti, ajiite mjomba. Nimekataa. Siwezi kumuoa Skola kwa uongo, na simwachi Skola. Hilo, mama, halitabadilika.

Mjomba ninaye mmoja tu, na moshi wa jiko lake unauona ukiwa mlangoni kwako. Tangu mgombane kwa ajili ya shamba la migomba la babu, mnapishana hata kanisani. Inaniuma, na nilikuwa sisemi. Sikuombi uombe msamaha, wala sikuombi uliachie shamba. Mwambie tu mtoto wa dada yake anataka kuoa na hawezi bila yeye. Akikataa, nitapanda basi nije nimwombe mwenyewe. Lakini neno la kwanza linatakiwa litoke kwako.

Skola anakuamkia shikamoo. Nisalimie dada na wanawe, na bibi mwambie dawa ya macho nimeipata, inakuja na basi. Mpe pole shemeji kwa ule mguu.

Salamu zangu kwa mjomba usimpe mtoto azipeleke. Zipeleke wewe.

Mwanao,
Ambwene