Saa Nene kwa Ajili ya Mama

Bekoji, Jumapili

Kwako shangazi Lelise,

Hatujambo, na ng'ombe mwekundu amezaa. Uliniuliza uniletee saa ipi ya mkononi. Ile nyembamba ya waridi nimeipenda, lakini niletee ile nene inayopima moyo, yenye tarakimu kubwa.

Moyo wangu unapiga polepole. Daktari alisema wakimbiaji ndivyo walivyo, ila mama hakuamini, akidhani naumwa, akazificha raba zangu. "Ungekuwa ng'ombe, mwanangu, ningeshakuuza," akasema. Saa ikifika ataivaa yeye kwanza, kisha mimi, tupande kilima tuone moyo wa nani unalalamika.

Kwa sasa nakimbia na raba za kaka. Zinanipwaya, lakini jana msituni kocha aliniweka mbele, wakimbiaji wenzangu wote wakafuata miguu yangu.

Mpwa wako asiyeuzwa,
Hawi