Chembe ya Fedha Uliyonipa

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako dukani, hapa Mji wa Kale. Jana tulikusomea arobaini. Mama bado hataki mtu aguse nyundo zako, nami simlaumu. Mteja wako wa Bondeni alileta bangili iliyokatika, akakuta mlango nusu wazi na mwenyewe hayupo. Alilia palepale barazani.

Unakumbuka nilipokueleza masomo yangu ya ng'ambo? Kwamba seli hai tunazitia rangi inayowaka chini ya hadubini, lakini taa ikiwa kali zinakufa, ikiwa hafifu hazionekani. Kwamba tukizilaza juu ya kioo kilichopakwa fedha, mwanga mdogo huenda ukatosha. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Umri wangu wote navisha maharusi, leo wataka nivishe vijidudu!" Kisha ukanipa chembe ya fedha uliyoisafisha mwenyewe, umeifunga kwa karatasi ya shashi.

Basi kila nikipiga simu, hata salamu hazijaisha, waniuliza: "Fedha yangu yawaka?"

Bado, Baba. Nilichoka kukujibu hivyo. Macho yako yalikuwa yakififia, nami nilitaka uione picha, hata moja tu. Lakini seli zilipogusa fedha yako niliyoipaka kiooni, zilizidi kuwa giza. Fedha iliumeza mwanga wote.

Nilipopata habari ya msiba nilikuwa maabara. Nilifungua droo nikaitoa ile shashi, nikainusa. Ilikuwa na harufu ya duka hili, ya makaa na ndimu. Nikakuona ukipanga bangili, kila moja na shashi yake, unanigombeza nilipozirundika: "Ziweke karibu, zisigusane!" Niliinamisha kichwa juu ya meza nikalia.

Baada ya siku chache nikapaka utando mwembamba sana, kama shashi, juu ya fedha yako ili seli zisiiguse, ndipo nikazilaza. Taa niliipunguza.

Nimekuja na picha. Mama ameitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Zi hai hizo?" Nikamwambia zilikuwa hai, na hazikudhurika. Ameiweka kwenye kabati la kioo, palipokuwa na bangili za harusi.

Nenda kwa amani, Baba. Mola akupe nuru huko uliko. Nakuahidi kila likizo nitalifungua duka hili, nizipanguse nyundo zako, niweke shashi mpya.

Na lile swali lako sasa nalijibu. Yawaka, Baba. Yawaka.

Mwanao,
Rukia