Ufa wa Zamani Mguuni

Miltown Malbay, Clare
Tarehe 9 Agosti

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa furaha isiyoenea kwenye karatasi. Goti lako linaendeleaje? Na wanafunzi wako wa baleti huko Dublin, hawajakuchosha? Sisi wazima. Hii ni wiki ya sita ya ndoa na Fiachra bado ananiita "bibi harusi wangu" kwa sauti dukani, mbele ya watu, hadi najificha nyuma ya mikate. Nampenda, Mama! Nampenda mpaka nacheka peke yangu.

Barua yako nimeipata. Unasema nafasi ya baleti ya London bado ipo, niende kwenye majaribio mwezi ujao, na kwamba mfupa wangu wa mguu umepasuliwa na Fiachra na ngoma yake ya kugonga viatu. Mama, siendi.

Ni kweli ulipasuka siku ya harusi. Wajomba zake waling'oa mlango wa zizi wakaulaza uani nicheze juu yake, kama wafanyavyo kwao. Muziki ukanipanda, nikatoka juu ya mlango ule nikaendelea kwenye saruji. Shangazi yake Nuala akapiga kelele, "We mtoto wa Dublin, rudi kwenye ubao, utavunjika!" Sikumsikiliza. Kosa ni langu.

Sikatai, ngoma hii ni kali. Tunaruka na kutua magoti yamenyooka, bila kukunja ulikonifundisha, na kishindo chote kinaingia kwenye muundi na kisigino. Lakini baleti je? Nyonga nilizozilazimisha kugeuka nje, vidole vilivyovuja damu ndani ya viatu vya ncha ngumu, tufaha moja kutwa nzima! Huku nakula viazi na siagi, na Shangazi Nuala ananisema mikono tu: "Ishushe hiyo, unafukuza kuku?"

Sasa nikuambie nililolificha. Daktari wa Ennis alipotazama eksirei aliniuliza ule ufa mwingine, wa zamani, niliupata wapi. Niliupata nikiwa na miaka kumi na sita, wiki mbili kabla ya onyesho lako la Krismasi. Nilifunga bandeji nikacheza siku zote tatu, nimesimama juu ya vidole. Ulilia kwa furaha, Mama. Ningekuambiaje? Fiachra aliuliza swali moja tu, nani alijua. Nikamjibu, hakuna. Akanishika mkono, hakuuachia hadi tulipofika nyumbani.

Daktari amenipa wiki nne zaidi za kupumzika. Zikiisha nitavaa viatu vyangu vigumu vya ngoma ya huku na kupanda jukwaani, mikono ubavuni. Kama unakuja kunirudisha, usipande treni. Kama unakuja kunitazama, kitanda chako nimeshakitandika.

Nisalimie Baba, mwambie mkwewe anampigia fidla kila Jumapili hata kama hasikii huko Dublin. Nakubusu mashavu yote mawili.

Binti yako mkaidi, mwenye furaha tele,
Gráinne