Nyota Iliyoshonwa Mapema

4 Februari

Kamanda wangu,

Salamu nyingi kuliko nyuzi za kiwanda hiki. Mimi ni mzima kama chuma. Wasiwasi wangu wote nimeuweka kwako na kwa shangazi yako anayekulea.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Beji kumi na tisa! Ya mafundo, ya ramani, ya kuogelea, ya mapishi. Kwenye huo mkono wa shati kweli imebaki nafasi ya kiwiko? Na bado moja, Nyota ya Juu, ambayo lazima uipate kabla hujatimiza miaka kumi na minane. Ni Novemba, sijasahau, nilikuwepo.

Sasa sikia. Baba yako si fundi wa kubahatisha. Mimi ndiye ninayetarizi kofia za majenerali. Kuna mmoja hapandi jukwaani mpaka nimkague. Hiyo nyota uliyonichorea, chini buluu, pembe tano za dhahabu, kamba kuizunguka, nimeishona saa ya chakula. Imo humu ndani ya bahasha. Ivae, upige picha, unitumie. Usiniulize haraka ya nini.

Msalimie Kiongozi wenu, kwa mkono wa kushoto kama kawaida yenu. Eti skauti ni ndugu, na kushoto ndiyo salamu ya ndugu! Bibi yako angekuchapa hicho kiganja.

Baba yako,
Fundi wa Mafundi


2 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mguu wa shangazi umepoa. Anakusalimia, na anauliza hao majenerali watakupa likizo lini.

Nyota ni nzuri kuliko ile ya kweli. Nimeificha kwenye kopo la vifungo. Lakini baba, beji haivaliwi kabla hujaipata. Ni kama kuvaa pete ya ndoa ya mtu mwingine. Nimebakiza saa arobaini za kuwafundisha watoto wa darasa la nne huduma ya kwanza, kisha Agosti naitwa mbele ya kamati. Na anayeibandika kifuani ni mzazi. Mimi nangoja. Na wewe ngoja.

Halafu huo mwandiko vipi? Herufi kubwa kama za chekechea, na mistari inapanda mlima.

Mwanao,
Kamanda


21 Machi

Kamanda,

Marahaba, tena marahaba. Herufi kubwa ni za watu wakubwa. Hujui nimepanda cheo? Siku hizi nina mtu wa kunitungia uzi sindanoni, jirani yangu wa meza, tunamwita Mpiga Pasi. Kazi yangu ni kuamrisha na kukohoa kikubwa.

Agosti ni mbali, mwanangu. Picha moja tu. Nani atajua? Wewe, mimi na mpiga picha, na mpiga picha ajira yake ni kufumba jicho moja. Tangu mama yako atutoke sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba.

Baba yako,
Ombaomba mwenye adabu


16 Aprili

Baba, shikamoo.

Haya, hii hapa. Niliibandika kwa pini mbili, sikuishona, na niliivua kabla mpiga picha hajafunika kamera yake. Tafadhali usimwonyeshe mtu.

Umefurahi sasa?

Mwanao


10 Mei

Kamanda wa makamanda,

Imefika! Nisamehe, mdomo wangu hauna mlango: kiwanda kizima kimeiona, mpaka mlinzi wa getini amepiga saluti. Nyota inawaka! Na hiyo skafu ulivyoifunga shingoni, fundo limetulia kama la balozi. Umefanana na mama yako mpaka nikatafuta kiti.

Sasa hata likija la kuja, nimekuona.

Baba yako,
Tajiri


2 Julai

Baba,

Mpiga picha aliipenda mno kazi yake. Aliikuza picha yangu akaiweka kwenye dirisha la studio, barabara ya sokoni. Mimi njia ile sipiti. Ilikaa wiki tatu, mpaka Kiongozi alipokwenda kupiga picha za kitambulisho.

Kamati haikungoja Agosti, iliniita mara moja, na Kiongozi akaniuliza, "Beji hii ulipewa na nani?" Nikasema nilishonewa. "Ulilazimishwa kuivaa?" Nikasema hapana.

Nimesimamishwa mwaka mmoja. Hesabu mwenyewe. Novemba natimiza kumi na minane. Nyota ya Juu siipati tena, maisha yangu yote.

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Tulipofika mlangoni alininyooshea mkono wa kulia. Miaka sita yote alikuwa ananisalimia kwa kushoto.

Na kitu kimoja zaidi. Nimeisoma upya barua yako ya Mei. Umeisifu skafu yangu. Baba, sikuvaa skafu. Skafu niliapa nayo, nilishindwa kudanganya nayo, niliiacha kitandani. Picha iliyonigharimu kila kitu, hata kuiangalia vizuri hukuiangalia.

Usiniandikie tena.


14 Septemba

Mwanangu,

Umenikataza kukuandikia na nimetii: anayeandika ni Mpiga Pasi. (Ndiye mimi. Naandika kila asemalo, hata majigambo.)

Niliiangalia. Niliipeleka dirishani. Niliiweka chini ya taa ya cherehani. Niliigusisha na pua. Nikaona weupe na weusi, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kitambaa cha kaki. Nikamuuliza Mpiga Pasi, "Nyota inawaka?" Akasema inawaka. Habari ya skafu sikuuliza. Nilijiambia, skauti gani asiye na skafu?

Januari daktari aliniambia macho yangu yana miezi, hayana mwaka. Ndiyo ile haraka uliyokatazwa kuiuliza. Nilitaka nikuone nayo kabla taa hazijazimwa. Kukuambia nilishindwa, ungeacha shule ukaja kunishika mkono. Nimesema uongo mwingi, mwanangu. Hakuna majenerali. Ni kofia za mabawabu wa hoteli. Lakini ule wa kwamba nilikuona, ule peke yake niliutaka uwe kweli.

Nimemwandikia Kiongozi wako kwamba kosa ni langu. Amenijibu kwa adabu: amri ni amri, na aliyeivaa ni wewe. Sina la kumlaumu.

Kiwanda kimeniaga. Nashuka stesheni tarehe sita Novemba, treni ya asubuhi. Silazimishi. Usipokuja, mimi nitajuaje? Nitasikia tu watu wakipita.

Baba

(Hapa amelia machozi. Hilo hakuniambia niandike.)


5 Oktoba

Baba, shikamoo. Na nyingine tena, ile niliyokunyima Julai.

Shangazi ameshaandaa chumba. Ameondoa kila kigoda njiani, kisha akajikwaa yeye mwenyewe kwa kukosa kigoda cha kushikilia.

Zile saa arobaini nilizimaliza. Hazikuwa na beji tena, lakini watoto walikuwa wananingoja na bendeji zao mikononi, ningewaambia nini? Siku ya mwisho Kiongozi alisimama dirishani akatutazama. Hakuingia.

Nyota yako nimeitoa kwenye kopo. Nafumba macho, naipapasa. Pembe nne zimenyooka, ya tano imepinda, na uzi pale umerudi mara tatu mahali pamoja. Nilipoitazama kwa macho sikuliona hilo. Baba, ungeniambia. Ningekutungia uzi mimi.

Tarehe sita nitakuwa stesheni kabla ya treni. Utashikwa na wengi pale: wapagazi, wenye teksi, watu wema wa kukuvusha reli. Wote watakupa mkono wa kulia. Washukuru, usiende nao.

Subiri wa kushoto.

Mwanao,
Kamanda