Ngozi ya Fahali Mweusi

Dar es Salaam, Jumapili

Kwako dada Kabula,

Mwangaluka ya asubuhi, hata kama unaisoma hii jioni ukinuka moshi wa jikoni. Hamjambo hapo Lagangabilili? Mimi mzima, nimenenepa, na jinzi yangu ya mtumba ukiiona utadhani bwana shamba amekuja kukagua pamba.

Kazi yangu ni kufagia ua wa hekalu la Wabudha. Bosi ni mtawa mzee kutoka Sri Lanka, ana kipara na shuka la rangi ya chungwa, na Kiswahili chake ni kibovu kuliko changu mimi wa darasa la tano. Juzi asubuhi kaniambia, "Leo nakufa." Nikatupa ufagio, mbio kuita majirani. Seremala kaja na futi kabisa, apimie jeneza! Tukamkuta mzee anakunywa chai.

"Naweza kufa," akatusahihisha huku anacheka. "Kila asubuhi nasema hivyo. Halafu chai inakuwa tamu."

Watu walinicheka mpaka basi. Mimi, Kabula, nikamkumbuka baba. Si unajua nilivyoondoka? Aliwaonyesha wageni yule fahali mweusi zizini, akasema ngozi yake ndiyo atakayozikwa nayo, kama wazee wake. Nikamfokea palepale kwamba anajiitia kifo, nikaondoka bila kuaga. Nilidhani ni hasira. Kumbe woga.

Sasa umeniandikia kwamba anakohoa sana, lakini kila asubuhi anajikongoja hadi zizini kumkuna yule fahali shingoni. Mimi nilipanga kuja Desemba na redio kaseti ya spika mbili, kijiji kizima kikome. Siku hizi madukani zimejaa. Jana nafagia huku naiwaza hiyo redio, mtawa akauliza, "Unafagia wapi?"

"Si hapa?"

"Hapana. Wewe uko Desemba. Majani yako hapa."

Basi, iliyokufa ni redio; Desemba siisubiri. Alhamisi napanda treni hadi Shinyanga, halafu basi la Bariadi. Barua hii anakuletea dereva wa lori la hawa wanunuzi wapya wa pamba, itanitangulia.

Msalimie mama, mayu wangu, aniwekee michembe ya viazi. Shemeji fundi baiskeli mwambie mieleka bado namwangusha. Baba usimwambie kwamba naomba radhi, hilo nitalisema kwa mdomo wangu. Mwambie tu asimkune fahali shingo yote. Aniachie upande mmoja.

Mdogo wako, mzuri kuliko ninyi wote,

Masanja