Tulimpea Jina, Tukaongeza na Kuku

Ijumaa jioni, baridi ya Julai

Naandika hii nikiwa nimekalia begi yangu hapa tao Nairobi, nangoja basi ya kwenda nyumbani. Manyunyu imeanza, ile haijui kama ni mvua ama ni umande. Watu wote wamejikunja kama mandazi ya jana. Mimi sisikii baridi. Mimi nachemka.

Kama hunijui, mimi ni Mama Nekesa, naishi Kangemi, napikia watu huko Loresho, na mdomo yangu haina mlango. Nekesa, firstborn yangu, ndiye alinifungulia hii blog. Alisema, "Mama, maneno yako ni mingi, weka huku watu wasome, uache kunimalizia credit." Basi naandika. Shule niliachia darasa la nne, msinisahihishe.

Siku zingine nawachekesha. Leo nimekasirika, mkicheka ni shauri yenu.

Nekesa amepata mtu. Anaitwa Kioko, kijana wa Kitui, anatengeneza lifti kwa hizo magorofa za Upper Hill. Akikuja kwangu anakunywa chai na anaosha kikombe yake mwenyewe. Nani atakataa mkwe kama huyo? Kesho watu wake wanafaa kuja kwetu nyumbani, kijiji inaitwa Nalukoba, na zile mbuzi za kwanza, Wakamba wanaita ntheo. Mbuzi zikiingia kwa boma ya baba ya msichana, msichana ni wao. Zisipoingia, hata wakae pamoja mpaka wote waote mvi, kwa Wakamba huyo si bibi ya mtu.

Sasa shangazi ya Kioko, Auntie Syombua, akachukua simu akaandika Nalukoba, aone ni mbali aje.

Hakupata barabara. Alipata ugonjwa.

Ukiandika jina ya kwetu kwa simu, haitoi shule yetu, haitoi kanisa, haitoi soko ya Jumanne. Inatoa Homa ya Nalukoba. Inatoa picha ya watu wa macho ya manjano, ngozi imepasuka kama matope ya kiangazi. Auntie akanipigia, sauti tamu mpaka nikajua kuna kitu.

"Mama Nekesa, si tufanyie tu hapa Nairobi? Hata hapo kwa uwanja ya kanisa. Unajua wazee wetu wamezeeka, hatutaki warudi na... uchovu."

Uchovu! Alikuwa anataka kusema homa, akaimeza.

"Auntie," nikamwambia, "mbuzi ya ntheo inaingia kwa boma, haiingii kwa parking."

"Basi mama, wacha tufikirie."

Mtu akikwambia wacha afikirie, ashamaliza kufikiria. Nekesa alienda kulia kwa choo akidhani sisikii. Choo ya ploti haina siri. Hata jirani aligonga ukuta akaniambia pole.

Lakini kuna kitu hiyo simu ya Auntie haijui. Mimi nilikuwako.

Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Homa iliingia kijiji yetu na ikashika ndugu yangu mdogo, Wafula. Akakuja daktari kijana kutoka Nairobi, miwani, sanduku ya barafu. Alitupanga laini watoto wote, akatoa kila mtu damu, akatupea biskuti. Wafula alibebwa mgongoni kuja kutolewa yake. Biskuti yake nilikula mimi, kwa sababu yeye hakuwa anameza kitu. Tulimzika hiyo wiki.

Kazi ikiisha, daktari akakuja kwa kuka wangu, babu yangu, ndiye alikuwa mzee wa kijiji. Akasema amepata kitu mpya, haijaonekana na mtu dunia mzima, na anaomba aipatie jina ya hapa. Kuka alifurahi mpaka akavua kofia! Kwetu mtu akiomba jina, ana mtoto. Mgeni akipenda kwenu, anaenda na jina ya kwenu, anapatia mtoto wake. Kuka alijua tu huyo kijana bibi yake amejifungua huko Nairobi. Nikatumwa nikimbize kuku. Ilikuwa jogoo nyekundu, mbishi sana, nilianguka mara mbili. Nikaiweka kwa mikono ya daktari na nikamwambia, "Salimia mtoto."

Alicheka. Akasema atamsalimia.

Hakurudi tena. Dawa haikukuja, hata majibu ya hiyo damu haikukuja. Kuka alikufa akiuliza wageni kutoka Nairobi kama wamekutana na mtoto anaitwa Nalukoba.

Basi wiki hii nilianza kumtafuta huyo daktari, nikasikia anakaa Kitisuru, jirani na Loresho. Ukitaka kujua mtu wa Kitisuru usiulize jirani yake, hao hawajuani. Uliza mwenye anamfulia nguo. Sisi wapishi na wafuaji wa hii upande tunajuana kuliko polisi. Kabla sijamaliza kuosha vyombo vya lunch nilikuwa nimeambiwa yote: anaitwa Profesa Erasto, goti inamsumbua, amekatazwa sukari na anaiiba wakati bibi yake ameenda kanisa. Na soja wa geti yake ni mtu wa kwetu.

Jumatano nikavaa rinda ya kanisa, nikaenda. Soja akanifungulia bila kuniuliza hata naenda wapi.

Nilipata mzee wa sweta, amekaa verandani. Nyuma yake kwa ukuta kuna tuzo, na jina ya kijiji yetu imeandikwa hapo kwa rangi ya dhahabu. Nikamwambia natoka Nalukoba. Uso wake ukawaka!

"Karibu, mama! Nalukoba ndiyo ilinifungulia njia."

"Na sisi ikatufungia," nikamwambia. Nikamweleza kuhusu Nekesa na mbuzi.

Alinieleza polepole, kama mtu anasomesha nursery. Ati homa yenyewe ilitoka kwa maji ya bwawa, na hiyo bwawa ilikauka zamani, homa haiko kwetu tena, iko nchi zingine. Ati siku hizi wakubwa wa dunia walikubaliana ugonjwa mpya isiitwe jina ya mahali wala ya mtu, kwa sababu ya hii aibu tu. Lakini zile za zamani zimeshaingia kwa vitabu.

"Elewa, mama. Ilikuwa heshima."

"Profesa, unakumbuka jogoo nyekundu?"

Aliangalia goti yake.

"Nakumbuka. Ulisema nisalimie mtoto."

"Na ulikuwa na mtoto?"

"Hapana. Niliona mzee amefurahi sana. Sikutaka kumharibia."

Kumbe alijua. Alijua tumeelewa vibaya, akabeba jina, akabeba na kuku.

Nikamuuliza damu ya Wafula iko wapi. Akasema sampuli zote zilipelekwa ng'ambo, bado ziko kwa friji, zimetunzwa vizuri sana. Alisema kama mtu anakuletea habari njema. Kumbe mtoto wa mama yangu tulimzika nusu.

Sikulia. Singelia kwa veranda yake. Nilimwambia, kwetu mtoto akilia na hanyamazi, wazee wanasema jina imemkataa, anatolewa hiyo anapewa ingine. Hii jina inaliza watu. Itoe.

"Haiwezekani, mama."

"Basi mtoto anachukua jina ya baba yake. Na hii homa, mwenye aliigundua ni wewe."

Akacheka, ile kicheko ya zamani. Hakujua ameniachia kazi yenye Mungu aliniumbia.

Hiyo jioni nilianza na mama mboga. Halafu chama yetu. Halafu kwaya, kati ya soprano na alto. Sikudanganya mtu. Nilisema tu, "Mmesikia ile homa ya zamani ya huko kwetu imebadilishwa jina? Siku hizi ni Homa ya Erasto." Kufika jana, mpishi wa jirani yake ananipigia amekosa pumzi kwa kicheko. Wazee wenzake wa kutembea asubuhi walimngojea kwa geti, wakamuuliza, "Erasto, homa yako inaendeleaje?"

Leo asubuhi akanipigia yeye mwenyewe. Namba amepewa na soja.

"Mama Nekesa, hilo ni jina la babu yangu."

"Na Nalukoba ilikuwa ya wangu."

Nilisikia mbwa wake akibweka.

"Unataka nini?"

Hapo nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia kesho aje Nalukoba. Akae kiti ya mbele. Auntie Syombua na wazee wa Kitui wamwone kwa macho, mwenye aligundua hiyo homa, anakula ugali yetu na anakunywa maji ya kisima yetu. Halafu asimame aseme vile alimwambia kuka, na vile hakumwambia. Na aseme Wafula atarudishwa lini.

"Mama, hii goti yangu..."

"Gari iko na kiti, Profesa."

Alikata. Lakini baadaye akatuma ujumbe: nitakuja.

Nikamwambia Kioko, Kioko akaambia shangazi yake. Auntie naye si mtu wa kubebwa na maneno. Amesema watafika, lakini watasimama nje kwa barabara na mbuzi zao. Profesa akikunywa, wanaingia. Asipokunywa, mbuzi zinarudi Kitui. Nekesa ameniuliza, "Mama, na akikataa?" Nikamtuma akanunue sukari ya wageni.

Mama yangu huko nyumbani amefungia jogoo nyekundu kwa jikoni. Mzee akisema ukweli, tunamchinjia. Akileta Kizungu mingi, jogoo itaishi, na jina ya mzee itabaki kwa homa, penye niliiweka.

Sasa hivi soja amenipigia. Profesa amepakia begi, fimbo, na katoni mzima ya maji ya chupa.

Mnaona hiyo? Mwenye alinieleza na mdomo yake ati homa iliisha na bwawa ilikauka! Anabeba maji yake kuja kwetu!

Nikamwambia soja, ndugu yangu, kama wewe ni mtoto wa Nalukoba, hiyo katoni isitoke kwa hiyo geti.

"Ilishashuka, mama," akaniambia. "Tunakunywa na mwenye anakata nyasi."

Basi imeingia. Wacha nibebe begi. Kesho ni Profesa, mbuzi tatu kwa barabara, na kikombe moja ya maji ya kisima. Na mimi ndio nitaishika.