Fungu la Safa

Magogoni, Kisauni,
Mombasa.
9 Julai 2025

Mpendwa Kaka Hussam,

Assalamu alaikum. Waonaje hali huko Doha na lile joto? Kifua chako kimepoa? Sisi huku wazima, ila Mama. Upande wa kushoto bado haumtii, na maneno humtoka nusunusu. Jina lako tu ndilo hulitaja zima.

Barua hii nampa jirani yetu Swabra, anayesafiri kuja huko kesho. Kwenye simu siwezi. Safa huwa papo hapo akisikia.

Uliposema mwanao Safa aache skuli kwanza amuuguze nyanyake mpaka urudi, sikukupinga. Ningepinga kwa lipi? Mimi nafundisha, wewe uko mbali, mamake Safa Mungu amemchukua, na Mama hakubali kuoshwa na mgeni. Msaidizi tuliyemleta, Mama alimtemea uji.

Sasa sikiliza. Siku hizi walimu tumeambiwa tuache kusimama mbele tukimimina maneno, wanafunzi ndio wafundishane. Nami nikajitia hodari. Katika darasa langu, ambalo ndilo la Safa, viungo vya mwili nikavigawa mafungu matano. Kila mtoto ajifunze fungu lake, kisha awafundishe wenzake kikundini. Safa lilimwangukia la figo. Wiki hiyohiyo Mama akaanguka.

Zamani mtoto akikosekana, ubao hauna habari. Kwa mtindo huu, Kaka, pengo linaonekana. Wenzake walifundishana moyo, mapafu, ini na ngozi, wakafika kwenye figo wakakwama. Nikataka kuwafundisha mwenyewe. Nduku, yule mwenye ulimi, akaniambia, "Hapana, Mwalimu. Hilo ni la Safa, tutamngoja." Kila kipindi wakawa wanamwekea kiti. Wananiuliza atarudi lini, mimi ninayelala naye chumba kimoja, nami nasema inshallah. Wallahi niliona haya.

Jumamosi wakaja nyumbani wote wanne. Safa akatandika mkeka kando ya kitanda cha Mama, akawafundisha figo. Ungemwona! Anainuka kumgeuza nyanyake, anarudi palepale alipokomea. Mimi niko mlangoni na mwiko mkononi, nacheka peke yangu kama mjinga, na mchuzi jikoni waungua.

Juzi Jumatatu kikundi kikasimama mbele ya darasa, wakaeleza yote, na figo ndani. Wakapigiwa makofi.

Hapo ndipo nilipofahamu nilikuwa nikichekea nini. Walipokuwa hawana fungu lake, walimhitaji. Sasa wanalo. Jana tulianza mada mpya, na kikundi kile nikakigawia mafungu manne, kwa mkono wangu. Ningefanyaje? Kile kiti kilishachukuliwa na kikundi cha dirishani.

Sikulaumu wewe, wala Mama. Kuuguzwa ni haki yake. Lakini wewe ndiye babake Safa. Ukiona njia niambie, maana mimi akili imenigota na moyo waniuma.

Nisalimie Ghalib, mwenzako wa chumba. Shangazi wa Jomvu Kuu anakuombea dua kila swala.

Safa naye anakusalimu. Juzi aliniuliza kama wenzake walilifahamu somo lake. Nikamwambia walilifahamu sana. Akasema, "Haya, alhamdulillahi," akaenda kumpashia nyanyake maji. Kila siku nikirudi huniuliza tumesoma nini. Jana hakuuliza.

Mungu akulinde huko uliko, atukutanishe Mama akiwa hai.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Zubeda